Sindano ya Wima

Jumatatu, 16 Septemba 1957

Daktari amenipa madaftari mawili ya vipimo, moja chafu na moja safi. Hili la tatu nimejinunulia mwenyewe dukani Voi, niandike mambo ambayo hayana safu.

Watu wa Voi wakisikia neno Daktari wanaleta watoto wenye homa. Nimechoka kueleza kwamba udaktari wake ni wa hesabu, anakaa Nairobi, na hana hata kidonge kimoja cha kwinini. Mwaka huu mataifa mengi yamekubaliana kuipima dunia kwa pamoja, na yeye kapewa sehemu hii yetu. Msomaji wake wa vipimo ni mimi, Gibson, niliyefundisha hesabu kule Mghange miaka kumi na minne bila mkaguzi kunikuta na kosa.

Kituo kiko maili sita kutoka stesheni, njia ya Mwatate, mbali na reli na mabati. Kibanda chenyewe kimefungwa kwa kamba za katani, bila msumari hata mmoja, kwa sababu ndani mna sindano mbili za sumaku, moja ya kulala na moja ya wima. Kila saa, kuanzia kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni, natazama kwa darubini kila sindano imesimama kwenye mstari gani. Hakuna chuma kinachoruhusiwa kuvuka mstari wa mawe niliouzungusha. Mke wangu Wakio akiniletea chakula anavua bangili zake hapo. Ni za shaba, ambayo sumaku haiijali, lakini sheria ni sheria.

Hatua mia mbili kutoka hapo ni kibanda cha mlinzi. Humo mna mita. Tumefukia vibao viwili vya madini ya risasi ardhini, yadi mia tano kati yao, na waya unaoviunganisha unapita kwenye mita hiyo. Umeme ukipita ardhini, mshale wake unacheza. Mlinzi ni Owino, mtu wa Nyanza, aliyekuwa fundi wa nyaya za simu kwenye reli mpaka nguzo ikamwangukia mguu. Anachechemea, anaongea mno, na silaha yake ni rungu la mti tu.

Jumatano, 18 Septemba

Upepo na vumbi. Sindano zimetulia. Ndovu wameangusha ua upande wa mashariki.

Ijumaa, 20 Septemba

Leo nimefanya hesabu ya Daktari mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, na ikatoka. Nilijisikia kijana tena.

Yeye huichora dunia kama kitunguu kilichokatwa. Ganda la nje ni kavu, halipitishi umeme. Yale ya ndani yana joto, yanapitisha. Jua likichafuka, usumaku ulio juu yetu unatikisika, na ukitikisika unasukuma umeme ndani ya ardhi bila waya wowote kuigusa. Umeme huo nao unazaa usumaku wake, unaorudi juu hadi kwetu. Ukiweza kutenganisha kilichosukuma na kilichojibu, unajua kilichopo maili mia kadhaa chini bila kuchimba. Anasema siku moja watu watapima hata mwezi na sayari nyingine kwa njia hiyo hiyo.

Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, kitunguu kinasema hivi: wakati wa tufani ya sumaku, yaani mtikisiko huo, sindano ya kulala itaanguka, na ya wima itabaki karibu pale pale. Isisogee zaidi ya mstari mmoja. Nimeyaandika hayo kwa wino mwekundu kwenye karatasi na kuiweka chini ya mto.

Jumatatu, 23 Septemba

Tufani, ingawa mbingu ilikuwa tupu kabisa. Kabla ya adhuhuri sindano ya kulala ilishaanguka mistari thelathini, na moyo wangu ukapiga kwa furaha. Halafu nikaitazama ya wima. Ilikuwa imepanda mistari saba. Saa iliyofuata ilikuwa imeshuka sita.

Owino akaja akichechemea mpaka kwenye mawe.

"Mwalimu! Mita yangu inacheza kama imepagawa. Na yako?"

"Yangu haikuhusu."

"Nauliza tu. Kule reli, siku kama hii telegrafu ilikuwa inagonga peke yake, hakuna mtu amegusa. Karani anakimbia nje anasema ni shetani. Nyapara wetu akasema hapana, ni udongo inaongea."

Nilimwambia udongo hauongei, arudi kazini.

Jioni nilinakili kwenye daftari safi. Ya kulala niliiandika kama ilivyo. Ya wima niliandika moja, moja, moja, kwa kuwa ndivyo hesabu inavyotaka, na mtu hampelekei mkubwa wake madoa. Kisha nikachana kurasa za daftari chafu nikazitia motoni kwa Wakio, kama nilivyozoea kule shule baada ya kila nakala safi.

Jumapili, 29 Septemba

Tena. Wima mistari tisa! Kuna chuma mahali. Nimepekua kibanda chote, nimelala kifudifudi nikapapasa sakafu. Hakuna kitu. Nimenakili, nimechoma.

Jumatatu, 7 Oktoba

Stesheni nzima inaongea habari za Warusi, kwamba wamerusha mwezi wa chuma unaoizunguka dunia. Owino akaniuliza kwa uso mkavu kama huo nao utasimama kwenye mawe ukaguliwe. Sikucheka. Wakio alicheka hadi akakaa chini.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimekipata chuma.

Asubuhi sindano ya wima iliruka tena mistari mitano. Nikatoka nikiwa nimewaka, nikazunguka ua, na hapo kwenye miiba, hatua kumi na mbili kutoka kibandani, nikaona mpini. Jembe. Jembe zima, limefunikwa kwa majani. Nililibeba kwa mikono miwili mpaka kwa Owino nikalitupa miguuni pake.

Hakukataa. Alisema, "Hiyo ni yangu. Nimeleta jana jioni, ukishafunga. Nachimba mfereji."

"Mfereji wa nini?"

"Wa maji. Mvua iko karibu, Mwalimu. Hapa ni bonde. Maji itaingia kwa sindano zako."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu alinituma. Nimeona tu."

Nikamwambia kwamba karibu wiki tatu nimekuwa nikilia na sindano ya wima kumbe yeye anafuga jembe ugani. Akasema jembe ni la jana, na sindano ilianza kuruka mwezi uliopita, siku ile mita yake pia iliruka, kwa hivyo nihesabu mwenyewe. Kunifundisha mimi kuhesabu! Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Nilimwambia achukue nguo zake.

Akaomba chiti, ile barua fupi ya mwajiri.

"Nyapara ameniahidi geti la reli, Januari. Kazi ya kukaa, kwa sababu ya mguu. Lakini ofisi inataka chiti ya mwajiri wa mwisho. Andika tu nimetoka, Mwalimu. Mengine tuache hapa."

Nina mwandiko mzuri, kila mtu anasema hivyo. Niliandika kwa Kiingereza: *Ameachishwa kwa kuingiza chuma na kuharibu vipimo.* Nikatia sahihi na tarehe. Yeye hasomi Kiingereza, lakini alinitazama usoni nilipokuwa nikikausha wino, na nadhani alielewa. Aliikunja chiti mara nne, akaitia kwenye kofia.

Wakio alisubiri hadi nimalize kula. "Baba Dinah," akasema, "huyo mzee alikuwa ananichotea maji, na mguu ule." Nikamjibu kwamba maji ni jambo moja na vipimo ni jambo jingine.

Jumatano, 16 Oktoba

Daktari anakuja Jumamosi. Nimefagia, nimepanga mawe upya, nimepaka chokaa kibanda cha mlinzi ndani na nje. Ukuta wa upande wa mita ulikuwa umejaa mistari ya mkaa, mirefu na mifupi, kutoka kitandani hadi dirishani. Yule mzee alikuwa mchafu. Mikono miwili ya chokaa, yaani kupaka mara mbili, ndiyo iliyoufunika.

Jumamosi, 19 Oktoba

Daktari alikuja kwa Landrova, ambayo nilimwomba aiache barabarani. Alisifu daftari safi. Akasema hajawahi kuona wima iliyotulia namna hiyo siku za tufani, akakuna kidevu, akaendelea kulitazama.

Kisha akauliza, "Yule mlinzi aliyekuwa fundi wa nyaya yuko wapi? Nilitaka aniambie habari za telegrafu inayogonga yenyewe."

Nikasema aliondoka. Nilisema neno hilo moja tu, nikamwongezea chai.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo hadi ndani ya nguo. Mlinzi mpya, Maundu, haongei kabisa. Nilidhani ningependa hivyo.

Jumatano, 6 Novemba

Sina budi kuandika yote ya leo.

Tufani ilianza saa tatu asubuhi. Ya kulala ikaanza kushuka, nikasema moyoni, sasa tutaona. Jembe halipo, Owino hayupo. Nikageuza darubini kwenye ya wima. Mistari sita.

Nilimwita Maundu kutoka mbali, nikamwamuru avue mkanda na viatu na kusimama barabarani. Akasimama. Saa nne, mistari minane. Nikajitazama mwenyewe. Nilivua viatu kwa ajili ya vijipini vya soli. Nilivua suruali kwa ajili ya vifungo. Nilivua miwani, nikakumbuka kwamba bila miwani sioni mistari, nikakata kipande cha uzi nikaitundika, nikatazama kama inavutwa na sumaku, haikuvutwa, nikaivaa tena. Nilibaki na shuka ya Wakio kiunoni, mwalimu wa miaka arubaini na sita, mzee wa kanisa. Saa tano, mistari saba kuelekea chini.

Wakio alinikuta hivyo. Safari hii hakucheka. Aliweka sufuria kwenye mawe akasema, "Sasa umebaki wewe peke yako, Baba Dinah."

Nilitoka na shuka yangu mvuani nikaenda kibanda cha mlinzi, kutazama mita. Mshale ulikuwa ukienda kulia, unarudi kushoto, polepole, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Nikakaa kwenye kitanda cha Owino. Niliisoma mita ile na Maundu akakimbia kunisomea wima, yeye ambaye hajui ila kuhesabu hadi ishirini, na kila mshale ulipovuka kulia, wima ilipanda. Kila ulipovuka kushoto, ilishuka. Udongo ulikuwa ukijibu, na ulikuwa umejibu hivyo tangu Septemba, na mtu mmoja aliniambia, nami nikamfukuza.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimenakili ya jana jinsi ilivyo, na madoa yake. Daftari chafu nimelifungia sandukuni. Sikulala vizuri. Namkumbuka akiikunja ile chiti mara nne.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa kibandani, kufikia kifundo cha mguu. Nguzo za sindano zimesalimika kwa upana wa vidole viwili. Nilipotoka kutazama yalikopitia, nikaona mfereji wa Owino. Ulikuwa umechimbwa vizuri sana, umenyooka, kingo zimepigwa kwa kisigino. Umekoma hatua ishirini kabla ya kibanda, pale alipofika jioni ile kabla ya kufukuzwa. Ningemwachia siku mbili zaidi ungemalizika.

Tumeumalizia mimi na Maundu, kwa vijiti na mikono. Hatuna jembe.

Jumatatu, 25 Novemba

Barua kutoka kwa Daktari, nainakili hapa kwa Kiswahili changu:

"Ndugu Gibson, nimeunda kitunguu kingine, ambacho upande wake mmoja haufanani na wa pili. Kama chini yenu ardhi inapitisha umeme upande mmoja zaidi, basi sindano ya wima haiwezi kutulia wakati wa tufani. Ni lazima iruke. Vipimo vyako vya Novemba vinaonyesha hivyo hasa, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema. Lakini tufani moja haitoshi. Zile kubwa ni za Septemba, na vituo vyote vinazo isipokuwa chako, ambacho kinasema moja, moja, moja. Nakala yako ni safi mno. Tafadhali nitumie daftari chafu la Septemba."

Nilikaa na barua hiyo mpaka chai ikapoa. Daftari chafu la Septemba lilipika maharagwe.

Nilikuwa najivunia kwamba sijawahi kukutwa na kosa. Sasa najua ni kwa nini. Nilikuwa nikiyachoma.

Jumatano, 27 Novemba

Nimeuliza habari za Owino stesheni. Nyapara alisema mzee alifika na chiti, karani wa ofisi akaisoma, basi. Geti amepewa mwingine. Owino na mkewe Ajiambo walipanda gari la Taveta. Wako kwenye shamba la mkonge huko.

Jumamosi, 7 Desemba

Nilirudi kutoka Taveta jana jioni. Naandika polepole.

Nilimkuta nyuma ya kambi ya wafanyakazi, amekaa kwenye gunia, anafunga matita ya mkonge. Mikono yake imechanikachanika mpaka kwenye viwiko. Ajiambo alinitolea kigoda bila kunisalimia, na sikumlaumu.

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu stesheni ya Maktau, njiani. Yote yalinipotea. Nikasema, "Mzee Owino, nilikosa. Wima iliruka tena bila wewe. Ulisema kweli kuhusu udongo, na kuhusu jembe, na kuhusu mfereji." Nilikuwa sijawahi kumwita Mzee.

Nikampa chiti mpya. Nilimsomea kwa Kiswahili: kwamba Owino ni mtu mwaminifu, kwamba alifukuzwa bila kosa, kwamba kosa lilikuwa langu mimi Gibson. Aliitazama kwa muda.

"Geti ilishapata mtu," akasema.

"Najua. Nilimwomba nyapara. Amesema labda mwaka ujao."

"Labda," akasema Ajiambo kutoka mlangoni. "Na huo mguu utangoja labda?"

Nikamwomba basi arudi kwangu, kazi ile ile. Owino akatikisa kichwa.

"Mimi sina neno na wewe, Mwalimu. Lakini hapo sirudi. Siku nyingine ukinikuta na jembe, utasema nini?"

Nikamweleza habari za Daktari, kitunguu kipya, Septemba iliyopotea. Nilimwambia nimechoma karatasi. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, ukafunguka kabisa, akaweka tita chini.

"Lakini Septemba iko!" akasema. "Mwalimu, iko yote! Kule laini tulifundishwa hivyo, waya ikisumbua unaweka alama kwa nguzo, mtu wa kesho aone. Mimi sijui kuandika, nimeweka kwa ukuta, kwa mkaa. Mshale ikienda kulia ndefu, ikienda kushoto fupi. Siku ikiisha napiga duara. Kutoka kitandani mpaka kwa dirisha. Nilikuwa nangoja huyo bwana wako akuje nimwonyeshe. Enda tu usome kwa ukuta!"

Alikuwa anatabasamu. Ajiambo naye alikuwa amesogea asikie. Nilitamani ardhi ile ya Taveta inimeze.

Nikamwambia nimepaka chokaa.

Aliokota tita lake, akalifunga, akalikaza kwa meno. Kisha akauliza, "Mikono mingapi?"

"Miwili."

"Ulipaka vizuri," akasema.

Ile chiti mpya aliipokea. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye kofia, pamoja na ile nyingine.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimemwandikia Daktari kila kitu, kurasa sita, na makosa ya tahajia sikuyafuta. Nimemwandikia pia kwamba kama kuna neno analoweza kulisema katika ofisi za reli huko Nairobi kwa ajili ya fundi wa nyaya mwenye mguu mbovu, aliseme sasa.

Jumapili, 15 Desemba

Mvua imekwisha. Sikwenda kanisani.

Tangu Jumanne nakwangua ukuta wa kibanda cha mlinzi. Sitaki kisu wala chuma chochote, natumia mwiko wa Wakio na kitambaa chenye maji. Chokaa ikitoka inatoka na mkaa wake, vumbi moja la kijivu, na chini yake kunabaki udongo mtupu. Nimekwangua kutoka kitandani hadi katikati bila kupata kitu. Wakio alikuja leo baada ya ibada, akasimama mlangoni na nguo zake za Jumapili, kisha akavua bangili, akachukua kitambaa cha pili.

Jioni, chini kabisa ya dirisha, mahali ambapo brashi yangu haikufika vizuri, tumepata alama nne. Ndefu, fupi, ndefu, ndefu. Ya mwisho imepinda, nadhani mkaa ulimvunjikia. Baada yake kuna duara.

Dirishani ndipo alipoishia, kwa hivyo ni alama za siku yake ya mwisho, asubuhi ile ya jembe. Nimezinakili kwenye daftari safi kama zilivyo, na ile iliyopinda nimeiacha imepinda. Hilo duara sijui alilipiga saa ngapi. Siku ilikuwa haijaisha. Lazima aliingia kuchukua nguo zake, akaona mkaa, akaifunga siku kabla ya kuondoka.

Kwenye safu ya jina la msomaji nimeandika Owino.